Badilisha Jina Tu

"Dada, badilisha jina tu na nafasi ninayoomba. Kwingine acha hivyo hivyo."

Ni steshenari ya karibu na geti la chuo, Jumatatu asubuhi, foleni imefika mlangoni. Dada wa kompyuta anafungua CV ya mtu mwingine kabisa, anafuta jina, anaandika jipya. Simu ya kijana aliyesimama nyuma yake inaita. Anapokea.

"Mifuko mia tatu ya saruji imeshuka yote? Iliyopasuka mingapi? Kumi na miwili. Basi andika kwenye karatasi ya mzigo: mia mbili themanini na minane mizima, kumi na miwili imepasuka. Dereva asaini hapo hapo. Asiposaini usimfungulie geti."

Anakata simu.

"Uzoefu niweke nini, kaka?"

"Hapo? Weka stoo kipa."

Ikaandikwa "mtunza stoo". Chini yake yakabaki maneno ya mwenye faili la kwanza: mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi na timu na chini ya shinikizo.

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili bado halijaniachia. Yule dada hana kosa, alifanya alichoombwa, tena haraka. Kinachoniumiza ni kwamba maneno yaliyostahili kuwa kwenye ile CV yalisemwa kwa sauti, hatua moja kutoka kwenye kibodi, na hakuna aliyefikiri kuyaandika. Hata mwenyewe.

## Haya ya kujisifu

Kujaza CV kwa maneno ya kuazima wengi hukuita uvivu. Sidhani.

Tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kueleza sana aliyoyafanya tunamtilia shaka, tunasema anajikweza. Kwa hiyo mtu akifika kwenye CV anabana mdomo: cheo, jina la kampuni, mwaka, basi. Kisha ukurasa unabaki mweupe, na weupe unatisha, naye anaujaza sifa za kuazima.

Hapo ndipo tunapojikanganya. "Mimi ni mwaminifu, mbunifu na nina bidii" ndiko kujisifu kwenyewe, maana nyuma yake hakuna ushahidi wowote. Lakini "nilikabidhiwa funguo na leja ya stoo kwa miaka miwili" ni taarifa tu. Anayesoma ndiye atakayesema moyoni kwamba huyu ni mwaminifu, na akishasema mwenyewe hahitaji kushawishiwa.

Yaani tunaogopa kutaja kazi tuliyoifanya, halafu tunajipamba kwa sifa ambazo hakuna aliyetuuliza.

## Mstari mmoja wa kazi

Mstari wenye uzito hujibu mambo manne: ulifanya nini, juu ya kitu gani, kwa kiasi gani, na nini kilitokea au kilibaki kama ushahidi. Si lazima yote manne yakae katika kila mstari. Lakini mstari wenye moja tu hausemi kitu.

Yule kijana wa saruji angeweza kuandika hivi:

*Nilipokea saruji na nondo, hadi mifuko 300 kwa gari moja. Nilihesabu na kulinganisha na hati ya mzigo kabla dereva hajaondoka, na mifuko iliyopasuka iliandikwa na kusainiwa na pande zote mbili.*

*Nilitunza leja ya stoo na kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi pamoja na mhasibu.*

Hakuna sifa hata moja hapo. Ila mwajiri ameshajua kwamba mtu huyu huhesabu kwanza ndipo asaini, na kwamba hajikagui peke yake, maana anayetunza mali na anayeihakiki hawapaswi kuwa mtu mmoja. Mwenye duka la jumla aliyewahi kuibiwa atausoma mstari wa pili mara mbili.

Tarakimu zina hatari yake. Siku hizi kila mtu anashauriwa aweke namba, basi CV zimejaa "niliongeza mauzo kwa asilimia 40". Kutoka ngapi hadi ngapi? Kwa muda gani? Nani mwingine alikuwepo? Kama huwezi kuyajibu hayo kwenye usaili bila kubabaika, ifute. Namba ndogo unayoweza kuieleza ilivyopatikana inakusaidia kuliko kubwa inayokutoa jasho.

Na kazi isiyo na namba je? Anayepokea wageni, anayefanya usafi, anayemlea mgonjwa? Hapa taja wajibu na mazingira: "mapokezi ya zahanati, zamu ya usiku, nikiwa peke yangu" inabeba mengi. Taja pia vifaa ulivyotumia, watu uliowahudumia, na jambo uliloachiwa uliamue bila kumuuliza mkubwa.

Aliyemaliza chuo juzi husema hana uzoefu. Ana field, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Shida ni kwamba ameiandika hivi: "Field, halmashauri, 2023." Idara gani? Wiki ngapi? Ulikaa ukipiga nakala, au uliingiza takwimu za walipa ushuru kwenye kompyuta? Utafiti wa mwaka wa mwisho nao unahesabika: swali lake, watu uliowahoji, programu uliyochambulia majibu.

Kuna kundi linaloficha kazi bora kuliko zote, nao ni waliokuwa mawakala wa fedha za simu. Wanaona ni kibarua, hakifai kukaa kwenye CV yenye shahada. Lakini kufunga hesabu kila jioni mpaka floti, yaani salio la kwenye simu, na taslimu zilingane ndiyo kazi ya keshia yeyote. Iandike.

## Kile kiolezo chenye rangi

Sina ugomvi na urembo, nina ugomvi na safu mbili.

Kampuni na mashirika mengi makubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kuchuja kabla mtu hajayaona. Programu ikikutana na ukurasa wenye safu mbili au visanduku inaweza kusoma mstari kwa kuvuka safu zote, na tarehe za kazi zikajichanganya na lugha unazozungumza. Jaribio lake ni rahisi: fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye ujumbe mtupu wa simu. Yakitoka vurugu, jua programu nayo huenda inaona vurugu hiyo hiyo. Na ukishindwa kabisa kuyachagua, ujue CV yako ni picha. Hutokea pale steshenari inapoichapa, ukaisaini, kisha ikaskaniwa. CV ya kutuma kwa barua pepe haihitaji saini. Itoe PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu uliyoandikia. Saini ni ya barua.

Zile baa za ustadi, Excel imejaa robo tatu, Kiingereza nyota nne, hazimsaidii yeyote. Robo tatu ya nini? Andika unachoweza: "naandaa ripoti ya mauzo ya mwezi kwa kutumia SUMIF na VLOOKUP". Asiyezijua fomula hizo asiziandike, kuna usaili wa vitendo.

Tarehe ziwe na miezi. "2021–2023" inaweza kuwa Desemba 2021 hadi Januari 2023, miezi 14, au Januari 2021 hadi Desemba 2023, miezi 36. Tangazo likidai uzoefu usiopungua miaka miwili, anayechuja hana sababu ya kukuhesabia kwa huruma. Pengo katikati lielezwe kwa mstari mmoja mkavu: "Juni 2022 – Februari 2023: nilimuuguza mzazi". Msomaji akikuta kimya anabuni jibu lake mwenyewe.

Mengineyo kwa haraka: karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 11, kurasa mbili zinatosha watu wengi, kazi ya karibuni ikae juu. Mhitimu mpya atangulize elimu. Dini, kabila, hali ya ndoa na majina ya wazazi viondoke. Picha usiweke kama haikuombwa. Tarehe ya kuzaliwa iweke pale tangazo lenye ukomo wa umri linapoihitaji. Na anwani ya barua pepe uliyofungua ukiwa kidato cha pili, yenye jina la msanii, ipumzike.

## "Husika na kichwa cha habari hapo juu"

Barua nyingi za kuomba kazi ni mtihani wa kidato cha nne unaorudiwa. Mwalimu alitoa alama kwa anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua na hitimisho, nasi tukajifunza umbo. Umbo lenyewe ni zuri, libaki. Tatizo ni kilichomo ndani: kijana wa Kitanzania, umri miaka 26, akili timamu, afya njema, niko tayari kwa usaili siku na saa yoyote nitakapohitajika. Wote wako tayari. Ndiyo maana wameomba.

Barua hujibu tangazo. Lisome kama orodha ya maswali.

Chukua tangazo ambalo wengi wameliona, la Dereva Daraja la II katika utumishi wa umma. Linataka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C uliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Majukumu yake yameorodheshwa: kukagua gari kabla na baada ya safari, kufanya matengenezo madogo, kusambaza nyaraka, kujaza daftari la safari. Mwombaji wa kawaida hayagusi kabisa. Anaandika kwamba anaipenda kazi ya udereva tangu utotoni.

Sasa soma hii:

*Nimeendesha Land Cruiser ya mradi wa maji kati ya Singida na Manyoni kwa miaka minne. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari nakagua oili, maji, matairi, breki na taa. Daftari la safari nalijaza siku ile ile: kilomita za kuondoka na za kurudi, lita za mafuta na jina la aliyeidhinisha safari. Nabadilisha tairi, chujio la hewa na chujio la dizeli mwenyewe. Zaidi ya hapo napeleka gari gereji pamoja na maelezo ya maandishi ya hitilafu. Katika kipindi chote hicho sijasababisha ajali.*

Majukumu matatu yamejibiwa na sifa moja imethibitishwa, kwa aya moja. Aya ya kwanza itaje nafasi, namba ya kumbukumbu ya tangazo na leseni uliyonayo. Ya mwisho iseme unaweza kuanza lini na kama una notisi ya kumalizia ulipo. Ukurasa mmoja, maneno kama 250.

Kuna sentensi moja ambayo sijui niiseme vipi bila kuumiza. "Mimi ni yatima na wadogo zangu wananitegemea." Mara nyingi ni kweli tupu, na anayeisoma si jiwe. Lakini karatasi yake ya alama haina nafasi ya jambo hilo, na mistari mitatu uliyoitumia kuomba huruma ndiyo ungeitumia kutaja daftari la safari.

Lugha fuata ya tangazo, labda liwe limekuruhusu kuchagua. Na wale waliohama kutoka faili la steshenari kwenda programu za akili bandia wasidhani wamepiga hatua. Kiingereza kimenyooka, ndiyo, ila barua bado ni ya kila mtu. Tofauti itatokana na unachoilisha: ukiipa ile simu ya saruji itakusaidia kuipanga, ukiipa cheo peke yake itakurudishia mchapakazi.

## Mlango wa serikali

Hapa nina shaka na nusu ya niliyoyasema.

Kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali, uandishi mzuri haufidii karatasi iliyokosekana. Mchujo wa kwanza ni wa vigezo na viambatisho, na unaweza kuanguka hapo hata kama barua yako inaliza watu. Hati ya matokeo si cheti. Matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na bado watu huziambatisha. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimethibitishwa na mwanasheria au wakili. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vikahakikiwe, vya chuo kikuu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vya sekondari NECTA (Baraza la Mitihani).

Kisha majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Halima J. Saidi, cha chuo Halima Juma Said, kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Usaili ukifika utaambiwa uje na hati ya kiapo au hati iliyosajiliwa ya kubadili jina, na kuitafuta dakika za mwisho ni mahangaiko. Panga vyeti vyote mezani leo, kabla ya tangazo lolote, usome jina herufi kwa herufi. Tarehe nayo: tarakimu nane za mwanzo katika zile 20 za namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikigongana na cheti cha kuzaliwa, mgongano uko wazi kabla hujaandika neno.

Barua yenyewe, kwa Kiswahili au Kiingereza, inaelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, nayo isainiwe. Kosa linalojirudia ni kupandisha barua ya tangazo lililopita, yenye kada nyingine, kwa sababu mafaili yote mawili yanaitwa "barua". Uzoefu uujaze pia kwenye sehemu yake ndani ya mfumo, usiutegemee kwenye CV uliyoambatisha peke yake. Na usisubiri usiku wa mwisho; nchi nzima iko humo usiku huo.

Kwa nini basi kuhangaika na mistari ya CV kwa kazi za serikali? Kwa sababu ukivuka mchujo unafika mbele ya jopo, na jopo lina maswali. Aliyekwisha kuandika kwa usahihi alichokifanya ameshajifunza kukieleza.

## Na bila mtu?

Hoja hii lazima itajwe, la sivyo msomaji ataitaja mwenyewe: bila konekshen hupati kazi.

Sitabisha kwamba konekshen ipo. CV nzuri haizalishi ajira, na pale nafasi moja inapoombwa na umati, wazuri wengi wanaachwa. Anayekuahidi kazi kwa sababu ya CV, hasa akidai "ada ya fomu", mkimbie.

Ila tazama konekshen yenyewe inavyofanya kazi. Mjomba anakupigia: "Nitumie CV sasa hivi, niko na bosi." Unamtumia faili liitwalo "CV MPYA FINAL 2", analisukuma kwa WhatsApp kwa bosi, bosi analisukuma kwa ofisa rasilimali watu, na huko ndiko linapofika bila mjomba. Ofisa analifungua kwa simu. Anaona mchapakazi. Kesho akilitafuta halipati, maana ana mengine sita yenye jina hilo hilo. Liite jina lako na kada: "Halima Said - Mhasibu Msaidizi - CV". Jina lako na cheo unachoomba vikae sehemu ya juu ya ukurasa wa kwanza, ndiyo inayoonekana kwenye kioo cha simu bila kuvuta.

Ukituma kwa barua pepe, usiache ujumbe mtupu wenye viambatisho. Andika kichwa chenye nafasi na namba ya kumbukumbu, na mistari mitatu ya salamu na maelezo. Tangazo likitaka faili moja, unganisha barua, CV na vyeti, kwa mpangilio huo.

## Wadhamini

Sehemu inayoandikwa kwa dakika moja, mwishoni, na ambayo pengine ndiyo itakayoamua wakibaki wawili.

Matangazo ya serikali hutaka wadhamini watatu wa kuaminika. Watu huandika mchungaji au shekhe, mjumbe wa mtaa, na shangazi mwenye cheo. Wote watakusifu, hakuna atakayejua kama ulifunga hesabu. Tafuta waliokuona ukifanya kazi: msimamizi wa field, mhasibu mliyehesabu stoo pamoja, mhadhiri aliyesimamia utafiti wako. Bosi wa zamani akiwa amehama, andika alipo sasa na namba anayopokea, siyo simu ya mezani ya ofisi aliyoiacha. Bosi wa sasa kama hajui kwamba unatafuta kwingine, andika kwamba apigiwe baada ya usaili tu.

Wapigie kila unapoomba kazi yenye uzito. Waambie ni nafasi gani, watumie tangazo pamoja na CV ile ile uliyotuma, na umkumbushe kila mmoja jambo moja mlilolifanya pamoja na mwaka wake. Akisita kwenye simu, au akisema "nani vile?", toa jina lake na utafute mwingine kabla ya kutuma.